Kuchagua Watoto wa Ngoma na Halaiki Shuleni
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mwalimu wenu ameufuta ubao, na kila mmoja ana karatasi na kalamu. Leo tutavihitaji vyote, maana somo letu lina hesabu kidogo.

Tutazungumza juu ya jambo ambalo mmeliona mara nyingi katika shule za watoto wenu. Ni kazi ya kuchagua watoto watakaoingia katika kikundi cha shule: kikundi cha ngoma, au kwaya, au halaiki. Halaiki mwaijua. Ni wale watoto wengi waliovaa sare za rangi, wanaojipanga uwanjani siku ya sherehe, wakainama, wakasimama, wakageuka, mpaka mtazamaji aliyekaa juu aone umbo la nyota au herufi za neno. Sherehe kubwa za taifa zimefanywa hata hapa kwetu Dodoma. Mwaka 1917 haikuwezekana, lakini mwaka 2017 sherehe za Muungano, tarehe 26 Aprili, na sherehe za Uhuru, tarehe 9 Desemba, zote zilifanywa katika Uwanja wa Jamhuri.

Huenda Bwana mmoja aliyeketi nyuma anasema, "Kuchagua watoto ni kazi ya mwalimu. Mimi yanihusu nini?" Yakuhusu, Bwana. Shule ya msingi ina kamati, na katika kamati hiyo wamo wazazi. Tena, shule ikitaka kucheza muheme, mwalimu kijana aliyetoka mkoa mwingine atamwita nani amsaidie? Atawaita akina mama wa kijiji. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, nao ndio wanaojua namna ya kuibana ngoma kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono miwili ikasema vizuri. Basi mama huyo ataketi kitini karibu na mwalimu, na ataulizwa, "Huyu anafaa? Na yule?" Hapo amekuwa mwamuzi, apende asipende.

Jambo lenyewe si dogo kwa mtoto. Kila mwaka kuna mashindano ya shule za msingi yanayoitwa UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Pamoja na mpira na riadha, watoto hushindana pia kwa ngoma na kwaya. Anayechaguliwa shuleni aweza kufika wilayani, kisha mkoani, na wachache huenda mbali zaidi. Mfikirieni mtoto wa darasa la tano katika kijiji cha wilaya ya Chamwino au Bahi, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya kwenda mnadani na babu yake. Siku akichaguliwa, atapanda basi, atalala mji wa watu, atawaona watoto wa pwani na wa ziwani. Siku akiachwa bila sababu anayoielewa, atajifunza kwamba katika dunia hii yafaa kuwa na shangazi karibu na meza ya mwamuzi.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Marekani, halafu tutarudi nyumbani. Huko Marekani shule nyingi zina kikundi cha vijana wanaosimama kando ya uwanja na kuishangilia timu yao kwa maneno ya pamoja, kwa kurukaruka na kwa kupandiana mabegani. Kazi hiyo ilianza mwaka 1898 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, siku mwanafunzi mmoja, Johnny Campbell, alipowaongoza watazamaji washangilie kwa sauti moja. Hapo mwanzo ilikuwa kazi ya wanaume. Wasichana waliingia baadaye, na sasa ndio walio wengi. Kuchaguliwa katika kikundi hicho ni heshima kubwa kwa msichana wa shule.

Katika jimbo la Texas kuna mji mdogo uitwao Crystal City. Katika miaka ya 1960 wanafunzi walio wengi wa shule ya sekondari ya mji huo walikuwa watoto wa watu wenye asili ya Meksiko, ambao wazazi wao walifanya kazi za mashambani. Lakini washangiliaji wanne walipochaguliwa, watatu walikuwa Wazungu, na mmoja tu alikuwa wa asili ya Meksiko. Waliochagua walikuwa walimu. Ukiitafuta kanuni iliyosema watatu kwa mmoja, huioni. Haikuandikwa popote. Kila mtu aliijua tu.

Mwaka 1969 wanafunzi wakauliza kwa nini iwe hivyo. Hawakuridhika na majibu. Mwezi wa Desemba wakatoka madarasani kwa mamia, na wazazi wao wakawaunga mkono. Walidai na mambo mengine makubwa kuliko kushangilia mpira, kwa mfano namna walivyofundishwa na walivyotendewa shuleni. Januari 1970 bodi ya shule ikayakubali madai mengi, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo watu wa asili ya Meksiko wakapiga kura na kushinda viti katika bodi hiyo.

Nimewasimulia habari hii kwa sababu moja. Watu wengi hudhani upendeleo ni hongo, yaani fedha iliyopita chini ya meza. Mara nyingi si hivyo. Mara nyingi ni kanuni isiyoandikwa, ambayo hata wanaoifuata hawajiambii kwamba wanaifuata. Hapa kwetu hakuna shule inayosema, "Tutamchukua mtoto mwenye viatu." Lakini hebu tazameni mstari wa mbele wa kikundi, kisha hesabuni viatu.

Kanuni isiyoandikwa haishindwi kwa kelele. Hushindwa kwa kanuni iliyoandikwa. Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mnaweza kuifanya kazi hiyo. Karatasi moja yatosha.

(Mwalimu wa darasa: tafadhali andika ubaoni maneno haya: MAJARIBIO, MWAMUZI, ALAMA, NAMBA, KURA. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha tuendelee.)

Kwanza kabisa, kabla ya mtoto yeyote kuingia uwanjani, waamuzi waandike wanatafuta nini. Wasiandike "mtoto mzuri wa ngoma." Hayo ni maneno matupu, kila mmoja atayajaza apendavyo. Waandike mathalani: anashika mdundo bila kukimbia, anasikiliza wenzake, anakumbuka hatua alizofundishwa, sauti yake inasikika. Mambo manne yatosha, na kila jambo lieleweke kwa mtoto mwenyewe. Karatasi ibandikwe ukutani wiki moja kabla, na isomwe mbele ya watoto wote asubuhi wanapojipanga mstari, maana wapo wasiosoma vizuri bado, kama vile wapo watu wazima.

Jambo la pili nalitilia mkazo kuliko mengine, kwa kuwa husahauliwa sana. Wafundisheni watoto wote kabla ya kuwapima. Katika nchi yetu ya Ugogo, ngoma hujifunzwa nyumbani. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, akapiga zeze na ilimba mbele ya watu wa mataifa mengi mpaka alipofariki mwaka 2003, hakuanza kwa kitabu. Alikulia katika muziki. Basi mtoto ambaye bibi yake ni mpigaji wa muheme huja shuleni akiwa tayari amejifunza miaka saba. Mwenzake ambaye wazazi wake wamehamia juzi kutoka Kigoma, au ambaye kwao hawachezi ngoma, hajawahi hata kuigusa. Mkiwapima siku ya kwanza, hamkuwapima watoto. Mmewapima bibi zao. Lakini mkiwafundisha wote hatua zilezile kwa siku nne au tano, kisha mkawapima kwa hatua hizo, mtaona nani anashika upesi na nani anavumilia. Pengine mjukuu wa mpigaji ataongoza tena, na itakuwa halali yake.

Tukija kwenye siku yenyewe: chagueni asubuhi. Miezi ya kiangazi, mchana, upepo wa Dodoma huinua vumbi mpaka mtoto hawezi kuimba, na jua hilo si la kuwasimamisha watoto wenye njaa. Maji ya kunywa yawepo. Na msiweke majaribio saa za jioni sana, maana mtoto anayetembea mwendo mrefu kurudi kwao, au anayesubiriwa kuchota maji, atakuwa ameondoka. Saa mnayoichagua nayo yaweza kuwa kanuni isiyoandikwa.

Kila mtoto apewe namba kwenye karatasi, aibandike kifuani. Mwamuzi aandike namba, asiandike jina. Najua kijijini mnajuana wote, na namba haiwezi kuuficha uso. Hata hivyo inasaidia. Jina la ukoo likiwa mbele ya macho yako unapoandika alama, mkono huwa mzito au mwepesi bila wewe kujua.

Na nani aanze? Pigeni kura. Tieni vikaratasi vya namba ndani ya kibuyu au kofia, kila mtoto achovye mkono wake. Hili si mchezo. Nchini Ubelgiji kuna mashindano makubwa ya muziki yanayoitwa Queen Elisabeth. Wataalamu waliochunguza matokeo yake ya miaka mingi waliona kwamba waliopangiwa kupiga siku ya kwanza hawakupata nafasi za juu mara nyingi kama wenzao wa siku zilizofuata, ingawa siku hizo ziligawiwa kwa kura. Ikiwa waamuzi hodari wa muziki hupatwa na jambo hili, sisi je? Mwamuzi mwanzoni hubana alama, akisubiri kuona kitakachokuja. Kwa hiyo yafaa kila mtoto apite mara mbili: mara ya kwanza kwa mpango wa kura, mara ya pili kwa kugeuza mpango huo, wa mwisho awe wa kwanza.

Kama mnachagua wapigaji tu, na si wachezaji, mnaweza kwenda mbali zaidi. Tundikeni khanga mbili kwenye kamba, mpigaji akae nyuma yake. Vikundi vikubwa vya muziki huko Marekani vilianza kuweka pazia la namna hiyo, hasa katika miaka ya 1970, ili mwamuzi asikie muziki bila kumwona mpigaji. Walikuta lazima watandike zulia pia, maana viatu vya wanawake viligonga sakafu na kuwatambulisha. Kwetu sakafu ni mchanga. Hapo tumepata nafuu.

Sasa hesabu. Shikeni kalamu.

Waamuzi wawe watano. Wasiwe walimu watupu: mchukueni na mama mmoja au wawili wanaoijua ngoma, na mtu mmoja kutoka nje ya kijiji ikiwezekana. Mwamuzi ambaye mtoto wake yumo asikae mezani. Asiseme, "Nitakuwa mwadilifu." Pengine atakuwa, lakini jirani hataamini, na mtoto wake mwenyewe atachekwa kuwa amebebwa. Kila mwamuzi aandike alama zake peke yake, kuanzia 0 mpaka 10, bila kunong'onezana.

Tuseme mtoto namba 9 amepata alama hizi: 8, 8, 7, 8, 2. Mtoto namba 14 amepata: 7, 6, 8, 7, 10. Nafasi iliyobaki ni moja. Jumlisheni.

(Mwalimu: simamisha hapa. Wanafunzi wajumlishe.)

Namba 9 ana alama 33. Namba 14 ana alama 38. Basi namba 14 ameingia, na namba 9 anakwenda nyumbani. Lakini tazameni tena. Waamuzi wanne kati ya watano walimpa namba 9 alama 7 au 8. Mmoja tu alimpa 2. Kwa nini? Labda ana ugomvi na baba yake. Labda alikuwa akisinzia. Hatujui. Na yule namba 14 alipewa 10 na mwamuzi mmoja tu, wengine hawakupita 8.

Basi fanyeni hivi, kama wanavyofanya katika michezo mingine mikubwa ya dunia ambayo ushindi hutolewa kwa macho ya waamuzi. Kwa kila mtoto, futeni alama moja iliyo juu kuliko zote, na moja iliyo chini kuliko zote. Jumlisheni tatu zilizobaki. Kwa namba 9 tunafuta 8 moja na ile 2. Zinabaki 8, 7 na 8, jumla 23. Kwa namba 14 tunafuta 10 na 6. Zinabaki 7, 8 na 7, jumla 22. Sasa namba 9 ndiye aliyeingia.

Hatukumshtaki mwamuzi yeyote. Hatukuuliza nani ana shangazi au nani ana ugomvi. Hesabu imefanya kazi hiyo kimyakimya. Katika kijiji, ambapo kesho mtakutana kisimani na mazikoni, hii ni faida kubwa kuliko mnavyodhani.

Niongeze neno juu ya halaiki. Halaiki si ngoma. Ngoma yataka watu ishirini hivi, halaiki yataka wengi. Nimeona shule moja ikihangaika siku tatu kuwachuja watoto 230 ili wapatikane 200. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi bure. Wale 30 wangewekwa kuwa akiba, wafundishwe pamoja na wenzao, na kwa hakika wengine wangeugua au kusafiri kabla ya siku ya sherehe. Mahali ambapo nafasi karibu zinatosha, msichuje.

Lakini halaiki ina hatari yake, nayo ni mnara, pale watoto wanapopandiana. Hapa kipimo si uzuri. Wa chini awe na nguvu na akubali mwenyewe. Wa juu awe mwepesi na asiogope. Pembeni wasimame wa kudaka. Mtoto akisema anaogopa, ashuke, na asipunguziwe alama. Msijaribu mnara siku ya uchaguzi kwa watoto ambao hawajafundishwa. Shingo haiungwi kama ukuti.

Kuhusu wasichana nitasema wazi, kwa kuwa sisi sote hapa ni watu wazima. Majaribio yafanyike mahali pa wazi, machoni pa watu, na mwalimu wa kike awepo tangu mwanzo hadi mwisho. Msichana asiitwe peke yake ofisini au nyumbani kwa mwalimu "kujaribiwa zaidi." Hakuna ngoma inayojaribiwa namna hiyo. Mzazi akisikia jambo kama hilo asingoje mkutano wa kamati. Aende siku hiyohiyo kwa mwalimu mkuu, na kama mwalimu mkuu ndiye mwenyewe, aende serikali ya kijiji au polisi.

Fedha nazo zisemwe mapema. Sare, njuga na nauli zina gharama, na shule nyingi huwaomba wazazi wachange. Mchango usijadiliwe kabla ya kuchagua. Ukijadiliwa kabla, mtoto wa maskini hujiondoa mwenyewe kwa aibu. Hatafika hata kupewa namba, nanyi mtasema hakupenda. Chagueni kwanza, kisha kamati itafute njia kwa wale wasioweza. Nguo za ngoma zaweza kuwa mali ya shule, zikafuliwa na kuvaliwa na watoto wa mwaka ujao.

Mwisho wa majaribio, matokeo yatolewe siku na saa mliyoitangaza. Bandikeni namba za walioingia, na msisome majina ya walioachwa mbele ya shule nzima. Kisha mwalimu akae, na kila aliyeachwa akitaka kuuliza, aulize, aonyeshwe alama zake katika yale mambo manne: "Mdundo ulishika vizuri, lakini hatua ya tatu ulisahau." Mtoto anayejua alikosa nini atarudi mwaka ujao. Mzazi naye ana haki ya kuiona karatasi. Zifungeni karatasi zote kwa uzi, mziweke ofisini mpaka mwaka uishe. Zikitupwa jioni ileile, watu watasema maneno, na hamtakuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Kazi ya darasa ni hii. Mtoto namba 3 amepata 7, 7, 7, 6, 7. Mtoto namba 21 amepata 6, 9, 7, 7, 5. Tafuteni nani yuko mbele kwa njia tuliyojifunza, na mwalimu atasahihisha. Halafu wagawanyikeni watu wanne wanne. Kila kundi liandike mambo manne ambayo lingependa waamuzi wayatazame katika shule ya kijiji chenu, sentensi moja kwa kila jambo. Yaliyoandikwa vizuri, mwalimu wa darasa ayapeleke kwa mwenyekiti wa kamati ya shule.

Kwaherini mpaka somo lijalo.